Kabla Hujabisha Hodi kwa Uliyesoma Naye Uzamili

"Wakuu, nimeingia Dodoma. Nani yupo anipokee?" Ujumbe wa namna hii unatua kwenye kundi la darasa saa mbili usiku, tena Jumanne, na huwa unanikera kila unapokuja. Huyu mtu safari aliijua tangu wiki iliyopita. Kibali cha safari kilisainiwa, posho ikaingia, tiketi ikakatwa. Ofisini waliarifiwa, hata fundi anayemtengenezea gari aliarifiwa. Watu wa nyumba anayotaka kulala ndio pekee wanaopata habari akiwa tayari stendi na begi mkononi.

Nataja Dodoma kwa sababu ndiko mambo haya yanakozidi. Tangu serikali ilipokaza uamuzi wa kuhamia huko mwaka 2016, waliosoma uzamili Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamejaa kwenye wizara pale Mtumba, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na kwenye mashirika. Karibu kila darasa lina watu wake huko. Kwa hiyo kila anayekwenda kikao, warsha au kufuatilia faili, anaye rafiki wa kumpigia. Ni jambo zuri sana, na ndiyo maana inaniuma tunavyoliharibu.

Rafiki anayejibu "karibu sana mkuu, nyumbani ni kwako" siye anayepika. Siye anayetandika kitanda. Mara nyingi yuko kazini bado, na ameshakubali mgeni kabla ya kumuuliza mwenzake. Shemeji ndiye atakayetoa samaki kwenye friza saa tatu usiku. Watoto wawili watahamishwa chumbani kwao wakalale sebuleni na dada wa kazi, juu ya godoro la ziada. Mitaa mingi ya Dodoma maji ni ya mgao, na maji utakayooga yanatoka kwenye simtanki ileile ambayo mama mwenye nyumba ameipigia hesabu ifike Ijumaa. Kisha ninyi wawili mtakaa sebuleni mpaka saa sita mkimkumbuka supavaiza aliyerudisha sura ya pili ya tasnifu mara tano, huku watoto wanasubiri mwondoke ili walale, na basi la shule linapiga honi saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Ukirudi Dar unasema umepokelewa vizuri sana. Kweli umepokelewa vizuri. Lakini hukuona kilichofanyika.

Fanya hivi. Siku tatu mpaka tano kabla, mpigie rafiki yako simu, umpigie yeye mwenyewe, usiandike kwenye kundi. Mwambie mambo manne kwa mkupuo: utafika siku gani na saa ngapi, utalala au utapita tu, utakuwepo mlo upi, na utaondoka lini. Halafu mfungulie mlango wa kukataa bila aibu: "Muulize shemeji kwanza, mimi chumba cha kulala nimeshapata." Sentensi hiyo ya mwisho iwe kweli. Uwe umeshauliza gesti, una kitambulisho chako, una hela yake. Rafiki akikaa siku nzima bila kujibu, au akisema "tutaangalia", ujue nyumbani hakuna nafasi. Usimsukume. Chukua chumba, uende kwao mchana ukale nao.

Uliza pia kuhusu watoto, maana mwezi una maana yake. Mwenye mtoto wa darasa la saba ana mtihani wa taifa Septemba, na mwenye wa kidato cha nne ana mtihani Novemba. Wiki hizo nyumba inataka utulivu kuliko kitu kingine chochote, na mwenyeji mwenye adabu hawezi kukuambia.

Sababu ya zamani ya kulazimika kulala nayo imepungua nguvu. Zamani ukitoka Dar kwa basi unakalia kiti saa nane hivi, unafika umechoka, jua limezama. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inakufikisha Dodoma kwa saa nne au pungufu kidogo. Ukiondoka asubuhi Jumamosi, chakula cha mchana unakula kwa rafiki yako, unapiga stori na familia mpaka alasiri, jioni unarudi. Kata tiketi ya kurudi kabla hujatoka Dar, maana mwishoni mwa juma treni za jioni hujaa, na ukikosa unageuka mgeni wa kulala ambaye hakuna aliyemtarajia.

Na mabasi ya usiku, ambayo yaliruhusiwa tena mwaka 2023, yameleta tatizo jipya. Linaondoka Dar saa tatu usiku, linakushusha stendi ya Nanenane, Dodoma, saa kumi alfajiri, halafu unampigia mtu aje akuchukue. Baba wa watoto wawili anaamka, anawasha gari gizani, anaacha mke na watoto peke yao. Kaa stendi mpaka kupambazuke, kunywa chai, chukua bajaji saa moja na nusu. Hakuna kilichoharibika. Anayekwenda Kigali au Bujumbura akumbuke wenzake wako nyuma kwa saa moja. Ukipiga simu saa kumi na mbili asubuhi ya Dar, kule ni saa kumi na moja na watu wamelala.

Sasa kuna hili la kumtoa rafiki nje, ambalo kwangu ndilo baya kuliko yote. Mgeni ameshakula, vyombo viko mezani, anasema "mzee, tutoke kidogo tukaongee." Wanaondoka na gari, wanarudi saa saba usiku. Shemeji amepika kwa saa mbili, ameachwa na sufuria. Hakusoma Mlimani, hajui nani alifeli takwimu, na wewe huna neno la kumwambia zaidi ya "pole na kazi". Rafiki yako ameishi na mtu huyu miaka kumi, na uzamili wenu ulikuwa wa miaka miwili! Kaa hapo. Muulize kazi yake inakwendaje, biashara yake, wazazi wake, mtoto gani ni mtundu. Ukitaja jambo la chuoni, lieleze tangu mwanzo ili naye acheke. Wanaofanya hivi huwa wanaitwa tena, na mwaliko unatoka kwa shemeji mwenyewe. Mkihitaji kuzungumza mambo yenu ya siri, mna chakula cha mchana karibu na ofisi kesho yake.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba zipo nyumba ambazo ukilala gesti wataona umewadharau, hasa kama wazazi wa rafiki yako wanaishi hapo. Huko lala, lakini usiku mmoja, na asubuhi tandua shuka mwenyewe.

Mikono mitupu hapana. Kilo tano za mchele wa Kyela, mafuta ya kupikia, matunda, inatosha. Anayetoka Mwanza na sato awaparue na kuwatoa matumbo kwanza, awagandishe usiku kucha mpaka wawe wagumu kama jiwe, kila mmoja amzungushie magazeti, wote wapangwe wabanane ndani ya deli bila barafu ya ziada. Barafu ndiyo inayoyeyuka na kuvuja kwenye buti la basi, ikalowesha mabegi ya watu, na konda akakudai wewe. Na dada wa kazi mpe elfu tano au elfu kumi mkononi, umwite kwa jina. Yeye ndiye aliyelala chini.

Mwezi wa Ramadhani nenda wakati wa futari, kwa taarifa, na tende. Picha za watoto usizirushe kwenye kundi kabla ya kuuliza.

Kuna nyumba moja tunaipita tukiwa safarini, na hapa nawaomba kwa moyo wote. Ni nyumba ya mwenzetu aliyefariki. Siku ya msiba darasa lilichanga, tukavaa fulana, tukapiga picha kaburini, basi. Mjane au mgane na watoto bado wapo, namba ya simu ni ileile. Ukipita mji wao, nenda mchana, ikiwezekana muwe wawili, mpige simu kabla kama kwa mwingine yeyote. Januari shule zikifunguliwa peleka madaftari na viatu. Na uliza bila kuona haya mirathi imefikia wapi. Mara nyingi imekwama mahali panapojulikana: cheti cha kifo hakijatoka RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo; muhtasari wa kikao cha ukoo haujasainiwa na wote, au mahakama imeshamteua msimamizi lakini karatasi za mafao zimelala mezani kwa mtu. Darasa letu lina wanasheria, lina watu wa utumishi, lina watu wanaofanya kazi jengo lileile lenye hilo faili. Piga picha ya karatasi zote kwa ruhusa ya familia, andika namba ya faili na tarehe ya mwisho waliyokwenda, kisha mpigie yule aliye karibu na ofisi hiyo aulizie Jumatatu asubuhi.