Nilimuua mama mkwe sehemu ya 9, sehemu ya 31 akasonga ugali

Kabla hamjanicheka naomba mjue kwamba naandikia kwenye simu, tena simu yenye kioo kilichopasuka upande wa kushoto, herufi A lazima uibonyeze mara tatu ndo iitike, na Kiswahili chenyewe mnakijua kilivyo, bila A huendi popote. Naandika usiku nikishatoka steshenari, huku Mabatini, Mwanza, jirani anapiga muziki na umeme nao una ratiba zake.

Mimi natunga mapenzi. Simulizi ndefu za msimu wa kwanza msimu wa pili, kila sehemu inaishia na ITAENDELEA, nawarushia watu kwenye grupu la WhatsApp, sehemu tano za mwanzo bure halafu kuanzia ya sita unalipia jero kwa wiki. Jina la simulizi yenyewe silitaji maana bado kuna watu wananidai.

Stori ni ya kawaida tu: Masalu mvuvi wa dagaa anampenda Kabula, mtoto wa tajiri wa Capri Point, ila mama yake Masalu, Bi Minza, hamtaki huyo binti hata kumsikia. Nilivyofika sehemu ya 9 nikaona huyu mama ananizibia njia. Nikamuua. Presha. Na nilimuua vizuri jamani, sijisifii, niliweka maturubai, nikaweka kwaya, nikaweka shemeji anayegombana na wapishi kuhusu nyama, grupu zima lililia. Mama mmoja muuza dagaa pale Mwaloni Kirumba akanitumia elfu mbili kwenye simu, chini yake ujumbe: "rambirambi ya Bi Minza, poleni wafiwa".

Nikaila. Chipsi mayai na soda ya baridi, wala sikuona aibu.

Sasa miezi miwili ikapita, niko sehemu ya 31, saa saba usiku, usingizi umenikaba, Masalu anamleta Kabula nyumbani kwao na mimi nataka wakaribishwe kwa heshima. Lazima kuwe na mtu wa kusonga ugali si ndio? Mkono ukaandika wenyewe: "Bi Minza akatabasamu, akatenga ugali wa moto na sato wa nazi, akasema karibu mkwe wangu." Hata machozi yalinilenga. Nikatuma nikalala.

Asubuhi ujumbe 214.

"Admin, Bi Minza si tulimzika?" Mwingine anasema labda Masalu anaota. Wa tatu kaja na nadharia nzima kwamba yule ni msukule, kwamba shemeji ndo aliyemficha mashambani, na watu wakaanza kumuunga mkono, wengine wanadai dalili waliziona tangu kwenye msiba pale alipogombania nyama. Nikiri hapa nilitamani kweli kuwaachia, maana ilikuwa nzuri kuliko chochote nilichowahi kutunga. Halafu ikaingia voisi ya yule mama wa dagaa, sekunde kumi tu: "Mwanangu, nashukuru kusikia mgonjwa amepona. Sasa ile elfu mbili yangu ya rambirambi nirudishie."

Nikakimbilia ujanja wa kila mtunzi aliyebanwa: pacha. Sehemu ya 32 nikaeleza kwamba huyu aliyesonga ugali ni pacha wa marehemu, kaja kutoka Geita, wanafanana mno hata sauti. Nikajiona mjanja kwa kama dakika nne hivi. Mama yuleyule: "Usukumani pacha ni Kulwa na Doto. Wewe marehemu ulimwita Minza. Halafu sehemu ya 4 ulisema alizaliwa peke yake kwao ndo maana anamng'ang'ania Masalu. Huyo Geita alizaliwa na nani?"

Nikaingia kwenye simu kutafuta sehemu ya 4. Nina mafaili 61 na majina yake ni "mpya", "mpya 2", "mpya kabisa", "hii ndo yenyewe", "hii ndo yenyewe 3". Sikuiona.

Jumamosi nikapanda daladala mpaka Kirumba, nikapita katikati ya magunia mpaka kwenye meza yake. Shikamoo mayu. Marahaba ng'wanawane, wewe ndo unayefufua watu? Akatoa daftari. Mbele kaandika madeni ya wateja, nani kachukua debe ngapi, nani kalipa nusu, nyuma kaandika wahusika wangu wote kwa mpangilio uleule, akasema yeye hajawahi kukopesha mtu kwa kichwa na hashangai mimi ninayekopesha kwa kichwa nimefilisika.

Akaanza kusoma. Alama ya Kabula shavu la kushoto, sehemu ya 15 imehamia kulia. Sehemu ya 6 Kabula analia Kigongo kwa sababu pantoni imemwacha, sehemu ya 8, wiki mbili tu baadaye, anavuka na gari juu ya daraja la palepale Kigongo "kama alivyozoea tangu utotoni". "Hili daraja limefunguliwa Juni 2025 ng'wanawane, na kama alilizoea tangu utotoni pale kwenye pantoni alikuwa analilia nini?" Sikuwa na jibu.

Ila lililonimaliza ni sehemu ya 12, sehemu ambayo mimi naiona ndo bora kuliko zote, Masalu anaingia ziwani usiku mbalamwezi inawaka kama mchana, Kabula yuko juu ya mawe anampungia kanga, alfajiri mtumbwi umejaa dagaa mpaka unataka kuzama. Aliisoma kwa sauti. Akawaita na wenzake wa meza za jirani waje wasikie, akarudia.

"Mbalamwezi!" Walicheka mpaka mmoja akakalia gunia la mtu. "Dagaa wanavuliwa giza. Taa ndo inawaita. Mwezi ukiwaka wewe taa yako inamwita nani? Siku hizo wavuvi wako nyumbani wanashona nyavu."

"Sasa huyu Masalu alikuwa anaenda wapi?" akauliza mwenzake.

Kimya kidogo. Halafu wote kwa pamoja wakaguna, ile mguno ya akina mama mnaijua, wakakubaliana pale pale kwamba Masalu ana mwanamke mwingine, kule visiwani, na dagaa walinunuliwa ili kuficha. Nikabisha, mimi mtunzi, nikawaambia Masalu ni mwaminifu. Wakaniambia nyamaza kijana, wewe ulikuwa hujui hata mwezi.

Nikatoa elfu mbili. Akaipokea bila kujibaraguza, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Na mimba ya Kabula," akasema, "imeingia Pasaka, Krismasi imepita, sasa hivi mko Saba Saba. Punda mwenyewe keshazaa. Azae leo, maana kesho naenda Ukerewe kufuata mzigo na kule kambini netiweki inasumbua."

Nikasema sawa mama, leo hii anazaa. Wa kike au wa kiume, wewe ungependa nani?

Akalamba kidole, akafunua kurasa mbili nyuma.

"Sehemu ya 22 walimpiga utrasaundi. Uliandika mapacha."