Chaa haukimbii mshipi, anaukimbia ugumu wake

Vijana wa Shangani, Mtwara, wameingiwa na homa ya mshipi wa kuvulia usioonekana. Wanaagiza Dar roli ya florokaboni, plastiki inayosifiwa kwamba haionekani majini, kwa bei ambayo ungepata roli kadhaa za nailoni, halafu wanakwenda nayo kutafuta chaa na changu wa kukaanga. Kwa maoni yangu wanalipia kitu ambacho samaki hao hawakijali sana.

Sayansi yake ni ya kweli, sikatai. Kipimo cha maji cha kupinda mwanga ni 1.33, cha florokaboni ni 1.42 hivi, na nailoni inapita 1.5. Kadiri mshipi unavyokaribia kipimo cha maji, ndivyo unavyofifia. Lakini 1.42 si 1.33. Unafifia, haupotei. Tena ukishashika utelezi wa mwani au vipovu vya hewa, hata huko kufifia kumekwisha.

Watu hawatazami unene. Nenda Msangamkuu wakati wa maji mafu, jua likiwa juu na maji yametulia hadi unamwona kaa anavyochimba mchanga chini. Shusha chambo cha kamba wa baharini ubavuni mwa mtumbwi, kisha inama uwaangalie chaa wanavyokuja. Chaa hakurupuki kung'ata. Anasimama juu ya chambo, anachomoa mdomo kama mrija, anavuta. Kama chambo kipo kwenye nailoni nene, ile ya kuvulia chewa, kinagoma: mshipi mgumu umekishikilia, kinatikisika kidogo tu, na chaa anageuka kwenda zake. Shusha kingine kwenye nailoni nyembamba, rangi ileile, ya duka lilelile. Kinaingia mdomoni chote pamoja na ndoana. Na mishipi yote miwili inaonekana, hata wewe uliye juu unaiona! Kilichobadilika ni ulaini. Ukipunguza unene wa mshipi kwa nusu, ugumu wake wa kupinda unashuka hadi 1/16.

Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Anayenunua florokaboni ya kuvulia samaki wadogo hununua nyembamba. Akipata samaki, sifa zote anaupa "kutoonekana". Kwa unene uleule, florokaboni kwa kawaida ni ngumu kuliko nailoni. Faida yake ninayoikubali bila ubishi ni kwamba ni nzito, inazama upesi, kwa hiyo unaweza kutumia chubwi (kizito cha kuzamishia mshipi) ndogo.

Mzee mmoja wa Mikindani alinibana kwa hoja nzuri. "Mwanangu, mbona timba, wavu ule wa uzi mmoja wa nailoni, inanasa kuliko nyavu za nyuzi za kusokotwa, kama si kwa sababu haionekani?" Ni kweli kabisa, na timba yenyewe imepigwa marufuku. Lakini wavu hauna chambo. Unamsubiri samaki apite njia yake na ajigonge bila kujua. Akiuona, anaupitia kando. Ndoana inamwita. Samaki mwenye njaa akishanusa chambo kibichi, haanzi kukagua kilichofungwa nyuma yake. Kabla ya nailoni watu walivua kwa nyuzi za pamba, ambazo zilionekana waziwazi, na walikula samaki.

Ukija Lindi, mjadala wenyewe haupo. Mvua zikishika, mto Lukuledi unamwaga tope ghubani na maji yanageuka kahawia. Ukivua kutoka upande wa Kitunda wakati huo, weka mshipi wa rangi ya chungwa ukipenda. Usiku nao ni hivyohivyo, na changu anakula vizuri usiku.

Nitalegeza msimamo mahali pamoja tu: maji maangavu, mchana, kwenye mwamba unaovuliwa kila siku, ambako samaki wamekwisha kuwa wajanja. Hapo funga pima moja (urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa) ya mshipi mwembamba mbele ya ndoana, ukitaka uwe wa florokaboni haya, na nyuma yake weka nailoni yoyote uliyo nayo. Pima moja, si roli nzima. Hela inayobaki iweke kwenye kamba wabichi wa alfajiri, kwa sababu wale wa jana waliolala bila barafu wananyonyoka kwenye ndoana kabla chubwi haijagusa chini.