Santuri tunaitetea kwa hoja isiyo yake

Mwaka 2022, kwa mara ya kwanza tangu 1987, santuri zilizouzwa Marekani zilizidi CD kwa idadi. Mashabiki walishangilia, na hoja yao ya siku zote ikarudi: santuri ina sauti bora. Mimi ni mpenzi wa santuri, lakini hoja hiyo siwezi kuitetea.

Sindano hupita kwenye mfuo, yaani mfereji mwembamba uliochongwa kwenye santuri, mitetemo yake ikageuzwa umeme, na amplifaya ikaukuza. Besi nzito ingeutanua mfuo kupita kiasi, kwa hiyo huipunguza fundi anapochonga, kisha hurudishwa wakati wa kucheza. Upande mmoja wa santuri kubwa, ile iliyoletwa na kampuni ya muziki ya Columbia mwaka 1948, hubeba dakika ishirini na kidogo, na sindano inapokaribia katikati sauti za juu hupoteza ung'avu. CD haina shida hata moja kati ya hizo. Ni kweli kwamba mara nyingine toleo la santuri hupendeza zaidi, kwa sababu kwenye CD sauti ilibanwa ili ipige kwa kishindo. Hapo wa kusifiwa ni fundi, si mashine.

Nguvu ya santuri iko kwingine. Mwaka 1928 mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi na kampuni ya HMV. Nyimbo zile zilitoka kwenye santuri za shelaki (utomvu mgumu uliotumika kabla ya plastiki), za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo gramafoni ya kujazwa kwa mkono iliweza kuzicheza pasipo umeme. Aliyeitunza mojawapo anaweza kumsikia Siti hata leo, bila nenosiri wala malipo ya kila mwezi. Na ziko nyimbo za benga na rumba zilizotolewa Nairobi kwa santuri ndogo za mizunguko 45 ambazo hazikuwahi kufika kwenye CD. Kwa nyimbo hizo mashine ya santuri si pambo la sebuleni. Ndiyo njia iliyobaki.

Lakini njia hiyo inalika. Sindano za chuma za gramafoni zilikwangua mfuo kila wimbo ulipopigwa, na shelaki ikianguka huvunjika. Ndiyo maana siungi mkono wale wanaoidharau kompyuta: santuri adimu inastahili kusafishwa na kurekodiwa kidijitali mapema, tena kwa sindano yake, kwani mfuo wa santuri ya 78 ni mpana kuliko wa santuri kubwa na sindano ya kawaida haiukai vizuri.

Albamu mpya iliyorekodiwa kwa kompyuta kisha ikachapwa kwenye plastiki ni jambo jingine. Ukiinunua ili usikilize upande mzima bila kurukaruka, au ili msanii apate chochote, sina ubishi nawe. Ukiinunua kwa ajili ya sauti peke yake, afadhali pesa hiyo uiweke kwenye spika.