Maelekezo Ndiyo Kiingereza cha Kwanza cha Mtoto

Katika mwaka wa pili wa kazi yangu ya ualimu niliandika ubaoni, mbele ya watoto wa darasa la tatu, "Fill in the blanks", na chini yake sentensi tano zenye nafasi wazi. Nilieleza kwa Kiingereza kwa dakika kadhaa, nikauliza kama wameelewa, nao wakaitikia kwa sauti moja kwamba wameelewa. Nilipokusanya madaftari nilikuta karibu kila mmoja amenakili kila kitu kama kilivyokuwa: kichwa cha zoezi, namba, sentensi, hata vistari vya nafasi wazi, vimepigwa kwa rula na havina herufi juu yake. Siku hiyo niliwagombeza. Leo naona kwamba walitii agizo la pekee walilolifahamu vizuri, yaani kwamba kilichoandikwa ubaoni hunakiliwa.

Hapa Tanzania shule zetu za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili tangu 1967, na Kiingereza humo ni somo kama masomo mengine. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umelirudisha somo hilo hadi darasa la kwanza, kwa mtoto ambaye akitoka nje ya mlango hatalisikia neno lolote la lugha hiyo mpaka kesho yake. Walimu wengi tunazitumia dakika hizo chache kumkaririsha majina ya wanyama na matunda, ilhali darasani hakuna ng'ombe wala nanasi, na kinachotendeka humo kila siku ni kufungua daftari, kusimama, kupeana penseli na kufuta ubao. Kwa maoni yangu, maelekezo ya mwalimu ndiyo Kiingereza cha kwanza ambacho mtoto anaweza kukiona kikifanya kazi, na tunakiharibu kwa kukisema ovyo, kana kwamba somo lenyewe litaanza baadaye.

Ugumu mmoja ambao vitabu vya mbinu za kufundisha haviutaji, kwa sababu havikuandikwa kwa ajili ya watoto wetu, unatokana na Kiswahili chenyewe. Tukisema "soma", mmoja ndiye anayesoma. Tukisema "someni", darasa zima linasoma. Na mtoto wa miaka saba hahitaji kufundishwa tofauti hiyo, kwa maana ameinyonya pamoja na maziwa ya mama. Kiingereza hakina kiambishi hicho. Mwalimu akisema "Read", macho yake yakiwa yamemwangukia Asha wa dawati la mbele, Asha anadhani ameitwa peke yake naye anaanza kusoma kwa kunong'ona, na wengine sitini wanamtazama. Mimi hulitatua jambo hilo kwa mikono: nafungua viganja vyote viwili kuelekea darasani na kusema "Everybody", natulia kidogo, ndipo nataja kitendo. Nikimtaka mmoja, namtaja jina kwanza. Baada ya majuma kadhaa viganja vinaweza kupumzika, kwa kuwa neno limeshashika nafasi yao.

Adabu nayo hutuponza. Mwalimu mpole husema "Can you read number two?" akidhani ameagiza, kumbe kwa sikio la mtoto ameuliza swali la uwezo, mtoto anajibu "Yes, teacher" na kukaa, na hapo hana kosa. Vivyo hivyo ukisema "Before you write, read the story", neno la kwanza lenye uzito alilolikamata ni "write", na kalamu tayari iko kazini. Maneno yafuatane kama vitendo vinavyofuatana: soma, kisha andika. Sauti pia zina mitego, maana "sit" na "seat" huingia katika irabu moja ya Kiswahili, kwa hiyo siyatumii yote mawili katika miezi ya mwanzo.

Kisha kuna lile swali letu la taifa, "Mmeelewa?", pamoja na ndugu yake "Are you getting me?". Jibu lake ni wimbo, na wimbo hauthibitishi kitu. Mtoto ambaye hakuelewa hajui kwamba hakuelewa, na anayejua haoni sababu ya kujiaibisha mbele ya wenzake. Ni afadhali kuuliza jambo dogo lenye majibu mawili, kama tunaandika au tunachora, peke yetu au wawili wawili, au kumwita mmoja afanye mfano wa kwanza ubaoni huku wengine wakimtazama. Mfano huo hutolewa kabla kadi au vitabu havijagawiwa. Karatasi ikishafika mkononi mwa mtoto, mwalimu anabaki akiongea na kuta.

Mwanasaikolojia wa Marekani James Asher alijenga njia nzima ya kufundisha lugha juu ya agizo na kitendo: mwanafunzi husikia, hutenda kwa mwili, wala halazimishwi kusema mapema. Naipenda njia hiyo, ingawa sijui angefanyaje kwenye dawati la watoto watatu, ambapo wa katikati hawezi kuruka bila kuwaangusha wa pembeni. Kwetu hutosha mikono, macho na vitu vilivyo juu ya dawati.

Kuhusu Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza, sikubaliani na wanaokipiga marufuku. Mchezo mpya wenye hatua nne huelezwa mara moja kwa Kiswahili, kwa ufupi, na kazi inaendelea. Kuueleza kwa Kiingereza ambacho hakuna anayekifuata ni kupoteza kipindi. Ninachokikataa ni tabia ya kutafsiri kila sentensi papo hapo, "Open your books, fungueni vitabu", siku baada ya siku. Mtoto ni mwerevu. Akishajua kwamba Kiswahili kinakuja nyuma, anaiacha sentensi ya kwanza ipite kama upepo.

Katika andalio la somo, safu ya shughuli za kufundisha huwa tunaandika "kuwaongoza wanafunzi kutaja" hili au lile, wala hakuna pahali pa kuandika maneno yenyewe tutakayowaongozea. Mimi huyaandika pembeni kwa penseli. Mwenzangu mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini nalichafua andalio, nikamwonyesha ukurasa wa siku ile: sentensi ya maneno kumi na manne niliyoifuta, chini yake nyingine ya maneno tisa iliyofutwa pia, na mwisho kabisa "Look. Circle the cat," pamoja na mchoro mdogo wa mkono ulioshika chaki. Aliazima penseli yangu, na hajairudisha.