Kisanduku cha Ujumbe na Haki ya Kumsimamisha Mtumiaji

Anayejifunza kuandika programu za kompyuta za mezani hukutana mapema sana na kisanduku cha ujumbe, yaani dirisha dogo lenye maneno na vitufe vya kujibu. Katika lugha ya programu ya Visual Basic, iliyotoka mwaka 1991, neno moja tu, MsgBox, latosha kukileta katikati ya skrini. Lugha ya Java ina JOptionPane, na Python ina messagebox ndani ya Tkinter, maktaba yake ya kutengeneza madirisha. Urahisi huo ni sifa na ni mtego, kwa kuwa kinachopatikana kwa mstari mmoja hutumiwa hata pasipostahili.

Wanaokitetea wana hoja nzito. Kisanduku hiki hulizuia dirisha lililokifungua mpaka mtumiaji ajibu, kwa hiyo mwandishi wa programu ana hakika kwamba mstari unaofuata hautatekelezwa kabla jibu halijapatikana, na msimbo wake husomeka kwa mfuatano: uliza, pokea jibu, endelea. Ujumbe ulioandikwa kwenye ukanda wa chini ya dirisha hauna nguvu hiyo, kwani mtu aweza kuupita asiuone, akaja kugundua kesho yake kwamba faili halikuhifadhiwa. Diski inapojaa, au mtu anapofunga dirisha lenye kazi ambayo haijahifadhiwa, sioni njia bora kuliko kumsimamisha na kumuuliza.

Ubaya huanza programu inapowasimamisha watu kwa mambo yasiyohitaji jibu. Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya mauzo kwa duka moja la vipuri, na kila muuzaji alipohifadhi mauzo nilimletea kisanduku chenye maneno “Taarifa zimehifadhiwa kikamilifu”. Niliona ni adabu. Siku nilipokwenda kukaa naye kaunta, nilimwona akiandika bei kisha akigonga Enter mara mbili mfululizo, ya pili ikiwa ya kukiondoa kisanduku ambacho hakukitazama hata kidogo. Jioni hiyohiyo aligusa kwa bahati mbaya kitufe cha kufuta, swali la “Una uhakika?” likaibuka, kitufe cha Ndiyo kikiwa ndicho kinachopokea Enter, na vidole vikajibu kabla ya macho kusoma. Mauzo ya mteja mzima yakatoweka. Kosa lilikuwa langu, maana ni mimi niliyemfundisha kutosoma.

Visual Basic inaruhusu kitufe cha Hapana kiwe ndicho kinachopokea Enter, kwa kuongeza neno vbDefaultButton2, lakini hiyo ni nusu ya tiba. Afadhali vitufe vitaje kitendo chenyewe, “Futa mauzo” na “Usifute”, jambo ambalo MsgBox haliwezi kwa kuwa vitufe vyake vimepangwa tayari, hivyo inabidi utengeneze dirisha lako mwenyewe. Afadhali zaidi ni kufuta bila kuuliza, mradi kuwe na njia ya kurudisha. Wapinzani wa njia hii husema, na si uongo, kwamba kurudisha kunadai kazi kubwa zaidi kwenye hifadhidata, na kwamba yapo mambo yasiyorudi: risiti ikishatoka kwenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, imetoka. Hapo swali lina haki ya kuulizwa, mara moja, kwa maneno yanayoeleweka.

Programu isiyo na mtu mbele yake haina mjadala. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, huduma zinazoendeshwa chinichini zimetengwa na skrini ya mtumiaji, kwa hiyo kisanduku kilichofunguliwa humo kwa njia ya kawaida hakionwi na yeyote, na kazi ya usiku hubaki ikisubiri jibu hadi asubuhi.

Kile kisanduku changu cha adabu nilikiondoa. Wiki haikuisha, muuzaji akanipigia simu kuuliza kama mauzo yanahifadhiwa kweli, maana “siku hizi mashine haisemi kitu”. Nikaongeza namba ya mauzo ya mwisho pembeni mwa dirisha, inayopanda kila anapohifadhi, na tangu hapo hajauliza tena.