Kabati la Chipubodi Lidaiwe Maandalizi, Lisidaiwe Mbao

Kabati la chipubodi hudharauliwa hata na mwenye nyumba aliyelinunua. Mlango ukianza kubanduka, utasikia ikisemwa kwamba hizo si mbao bali ni maranda yaliyogandishwa, na kwa kweli ndivyo zilivyo: chembe za mbao, au nyuzi laini zaidi kwa upande wa MDF, ubao wa jamii hiyo hiyo, zilizoshindiliwa kwa gundi na joto, kisha zikavikwa tabaka jembamba la melamini, lililo gumu kama plastiki. Maelezo hayo nayakubali. Nisichokubali ni hukumu inayofuata, kwamba kabati la namna hiyo halipakiki rangi.

Mara ya kwanza makabati ya jikoni kwangu yalipakwa rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya melamini, na baada ya wiki chache niliweza kuibandua kwa ukucha, vipande vipana kama utando wa maziwa yaliyopoa. Rangi haikuwa na kosa. Melamini ni nyororo, hainywi kitu, na jikoni huongezewa mafuta ya kupikia yasiyoonekana, kwa hiyo rangi hukosa pa kushika. Ilinibidi nianze upya: kuosha kwa sabuni hadi kitambaa kitoke kisafi bila utelezi, kupitisha msasa namba 220 mpaka mng'ao ufe, bila kufikia kiini cha kahawia, kufuta vumbi, kisha kupaka praima, yaani rangi ya msingi, ya mafuta inayoshika juu ya nyuso telezi. Msasa upigwe nje, nawe ukiwa na barakoa, kwani gundi ya mbao hizi kwa kawaida huwa na kemikali ya formaldehaidi na vumbi lake si la kuvuta.

Penye kazi hasa ni kwenye kingo. Ukingo wa MDF uliokatwa hunywa rangi kama sifongo, na ukianza na praima ya maji nyuzi zake husimama, ukaparuza mkono. Mimi huupaka kwanza gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji, nikausugua ukishakauka. Lakini mlango wa chini ya sinki, ambao kwa miaka ulikuwa ukirushiwa maji ya kudekia, ulikuwa umevimba na kuchanua kama kurasa za daftari lililolowa. Chipubodi iliyovimba hairudi, na kuifunika kwa rangi ni kujidanganya. Huo niliupeleka kwa seremala akanikatia mwingine.

Halafu kuna subira, ambayo wengi wetu hatuna. Rangi iliyokauka kwa kuguswa bado haijakomaa, na kwa unyevu wa Pwani wakati wa masika huchelewa zaidi. Milango niliilaza juu ya viti barazani kwa siku nane kabla ya kuirudishia bawaba, na siku zote hizo tulipika huku sufuria zikitutazama kutoka kwenye makabati yaliyo wazi.