Kitabu kama hiki kifike na huku Tanga

Nimesoma habari ya kitabu cha picha cha watoto, kinachomhusu mchoraji mmoja aliyegoma kuchora kama alivyoelekezwa, jamani nimefurahi mpaka nikamwita mke wangu aje aone. Binti yetu yuko la pili hapa Ngamiani, juzijuzi kachora mbuzi wa zambarau, macho makubwa kama visahani, karudi na daftari limepigwa kosa kwa kalamu nyekundu eti mbuzi gani huyu, toka siku hiyo anachora nyumba tu, mlango katikati madirisha mawili. Inauma sana. Na sisi tuna mchoraji wetu Edward Tingatinga, alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge hukuhuku Tanga kabla hajaenda Dar, chuo cha sanaa hajakanyaga, akaja kuchora kwenye hadibodi kwa rangi za baiskeli, chui wake madoa anayapanga anavyotaka yeye, akafariki 1972 na mpaka leo watu wanaishi kwa mtindo wake! Waandishi wetu mtuwekee na huyo kwenye vitabu vya picha, kwa Kiswahili, bei ya kununulika, mi nachukua viwili. Mwanangu nimeshamnunulia boksi la rangi, zambarau imo.